Siri ya kiwanda: namna chipu zinavyoibiwa bila mtu kubeba hata jiwe moja

Kila telefone inayouzwa kwenye soko la Virunga huko Goma ao Kadutu huko Bukavu ina ndani yake kipande kidogo cha memwari, kile ambacho fundi anaulizia wakati telefone inaanza kwenda polepole. Karibu memwari zote za namna hiyo duniani zinatoka kwa kampuni tatu tu: Samsung na SK Hynix za Korea ya Kusini, pamoja na Micron ya Marekani. Kati ya mwaka 2015 na 2016, watu waliokuwa wakifanya kazi kwa Micron katika kisiwa cha Taiwan walihamia kwa kampuni nyingine, na mafaili ya Micron yakahama nao. Parke ya Marekani ilisema siri hizo ziliweza kuwa na bei ya hadi dola miliardi 8,75. Kesi ilidumu zaidi ya miaka sita, ikapita katika inchi tatu, na haikuisha vile wengi walivyofikiri. Ufafanuzi.

Chipu ni kitu gani, na siri iko wapi?

Chipu inatengenezwa juu ya sahani nyembamba ya silikoni, kitu kinachotolewa katika mchanga na kusafishwa sana. Juu ya sahani hiyo kiwanda kinachora, kinachimba, kinapaka na kuchoma, tabaka juu ya tabaka. Kazi hiyo ina mamia ya hatua na inaweza kuchukua miezi miwili ao mitatu mbele sahani moja haijatoka kiwandani. Vumbi moja tu linaweza kuharibu chipu, ndiyo maana wafanyakazi wanavaa nguo za kuwafunika kuanzia kichwa mpaka miguu.

Chipu ya memwari, ile wataalamu wanaita DRAM, imejaa visanduku vidogo sana vya kuweka umeme. Kisanduku chenye umeme kinasoma 1, kisicho na umeme kinasoma 0. Telefone yenye memwari ya giga 4 ina visanduku zaidi ya miliardi 34. Na visanduku hivyo vinavuja, kama bidoni yenye tundu: lazima vijazwe tena mara nyingi kila sekunde. Ukikata umeme, vyote vinasahau.

Basi siri iko wapi? Haiko katika chipu yenyewe. Mtu yeyote anaweza kununua telefone, kuifungua, na kutazama chipu kwa darubini kali. Ataona jengo, lakini hataona namna lilivyojengwa: ni moto wa kiasi gani, gazi gani, kwa sekunde ngapi, kabla ya hatua gani na nyuma ya hatua gani. Hasa hataona mambo ambayo kampuni ilijaribu yakashindikana. Miaka ya kukosea ndiyo inayokula pesa mingi. Kampuni mpya ikipata karatasi zinazoonyesha njia zote zisizofaa, imeokoa miaka na mamilioni bila kutoka jasho.

Ni sawa na mtu wa Masisi anayetengeneza fromaje. Mnunuzi anaweza kuonja fromaje, kuikata, kuipima. Lakini hawezi kujua maziwa yalipashwa moto kiasi gani, yalikaa siku ngapi, na chumvi iliingia saa gani. Mfanyakazi wake akiondoka na daftari ya vipimo vyote, jirani anaweza kufungua duka la kushindana naye wiki inayofuata.

Siri ya biashara si breve

Watu wengi wanachanganya mambo haya mawili. Breve, yaani hati ya uvumbuzi, ni mapatano kati ya mvumbuzi na serikali. Mvumbuzi anaeleza uvumbuzi wake wazi, kila mtu anaweza kuusoma, na serikali inakataza wengine kuutumia kwa muda, kwa kawaida miaka 20. Muda ukiisha, ni wa watu wote.

Siri ya biashara ni kinyume. Hakuna anayeandikisha kitu, na hakuna muda wa mwisho. Siri inaweza kukaa miaka 100 kama hakuna anayeifumbua. Lakini siku inapotoka nje, imekwisha. Hakuna tribinali inayoweza kuirudisha ndani ya sanduku.

Mapatano ya Shirika la Biashara Ulimwenguni juu ya mali ya akili, yaliyoanza kutumika mwaka 1995, yanaweka masharti matatu ili habari ilindwe kama siri. Moja: iwe haijulikani na watu wa kazi hiyo. Mbili: iwe na faida ya biashara kwa sababu haijulikani. Tatu: mwenyewe awe amefanya kazi ya kuilinda. Kampuni inayoacha karatasi zake mezani, mlango wazi, haiwezi kuja kulia tribinali kwamba imeibiwa siri. Kongo ni mwanachama wa shirika hilo tangu mwaka 1997. Inchi maskini zaidi duniani, na Kongo ni moja yao, zimepewa hadi mwezi wa 7 mwaka 2034 kabla ya kulazimishwa kufuata mapatano hayo yote.

Mambo yalianza namna gani?

Mwaka 2013 Micron ilinunua kampuni ya Elpida ya Japani, pamoja na kiwanda chake cha memwari huko Taiwan. Wafanyakazi wa kiwanda wakawa watu wa Micron, na mkubwa wao akaendelea kuongoza. Mwaka 2015 mkubwa huyo aliacha kazi. Miezi michache nyuma akaingia kwa UMC, kampuni kubwa ya chipu ya hapo hapo Taiwan.

Kuacha kazi si kosa. Lakini UMC haikuwa na kazi ya kutengeneza DRAM wakati huo. Mwaka 2016 ilifanya mapatano na Fujian Jinhua, kampuni mpya ya serikali ya China, iliyokuwa inajenga kiwanda cha zaidi ya dola miliardi 5 katika jimbo la Fujian. UMC itafute namna ya kutengeneza DRAM, Jinhua ilipe na itengeneze. China ilikuwa inanunua memwari nyingi sana kutoka inje, na ilitaka kujitengenezea yenyewe. Baadaye yule mkubwa wa zamani wa Micron alikuja kuwa mkubwa wa Jinhua.

Nyuma yake wakafuata mainjenieri wawili waliokuwa kwa Micron. Kufatana na mashtaka ya Marekani, mmoja wao alichukua mafaili zaidi ya 900 ya Micron mbele ya kuondoka, akayaweka katika kle USB na katika fasi ya kuhifadhi mafaili kwenye intaneti. Hakuvunja mlango, hakuruka ukuta. Alikuwa na ruhusa ya kufungua mafaili hayo kwa sababu yalikuwa ya kazi yake. Wizi ulianza pale yalipotoka naye.

Wizara ya Sheria ya Marekani inaeleza jambo lingine linaloonyesha namna mambo yalivyoenda. Watu wa informatiki wa UMC waliona kwamba kuna mafaili ya Micron katika ordinateri za kampuni. Badala ya kuyatoa, mkubwa alikubali watu wapewe ordinateri mbili ambazo hazikuunganishwa na rezo ya kampuni, ili wasome mafaili hayo bila kuonekana.

Polisi wanafika

Micron ilipeleka malalamiko kwa wakubwa wa sheria wa Taiwan, na telefone za watu fulani zikaanza kusikilizwa. Mwezi wa pili mwaka 2017 polisi waliingia katika ofisi za UMC kufanya msako. Habari iliwafikia mainjenieri mbele ya polisi kufika kwenye meza zao. Kle USB, ordinateri na karatasi zikapewa mfanyakazi wa cheo cha chini, mwanamke, naye akazificha katika kabati lake. Kisha akatoka na telefone ya injenieri mmoja kupitia mlango mkubwa.

Hesabu yao ilikuwa kwamba hakuna atakayemshuku. Lakini telefone ilikuwa tayari inafuatwa. Polisi waliipata, na ndani yake wakapata ushuhuda waliouhitaji. Hapo ndipo kesi ilipata miguu. Mwezi wa 8 wa mwaka huo parke ya Taichung ikawashitaki watu na kampuni yenyewe.

Tangu hapo vita ikapanuka. Mwezi wa 12 mwaka 2017 Micron ilishitaki UMC na Jinhua huko California. Mwezi uliofuata UMC na Jinhua nazo zikashitaki Micron huko Fujian, zikisema Micron ndiyo inayotumia breve zao. Mwezi wa 7 mwaka 2018, tribinali ya Fuzhou ikakataza Micron kuuza baadhi ya memwari zake ndani ya China. Kwa hiyo kampuni iliyosema imeibiwa ilijikuta imefungiwa soko nyumbani kwa yule iliyemshitaki.

Marekani ilijibu kwa nguvu. Mwishoni mwa mwezi wa 10 mwaka 2018, wizara yake ya biashara iliweka Jinhua katika orodha ya kampuni ambazo haziruhusiwi kuuziwa vitu vya Marekani bila ruhusa ya pekee. Siku chache nyuma, tarehe 1 mwezi wa 11, mashtaka ya jinai yakatangazwa dhidi ya UMC, Jinhua na watu watatu.

Adhabu ya orodha ilipiga mbele ya tribinali. Mashine kubwa za kutengeneza chipu zinatoka kwa kampuni chache, na kadhaa kati yao ni za Marekani. Mainjenieri wa kampuni hizo waliokuwa Fujian kufunga mashine wakapaki mizigo yao. UMC nayo ikasimamisha kazi na Jinhua. Kiwanda cha miliardi za dola kikabaki kama nyumba yenye mabati bila fundi wa kuimalizia.

Tribinali tatu, majibu matatu

Huko Taiwan, mwezi wa 6 mwaka 2020, tribinali ya Taichung iliwahukumu watu watatu kifungo cha kati ya miaka minne na nusu na miaka sita na nusu. UMC ikapigwa amande ya dola milioni 100 za Taiwan. Lakini mwaka 2022, tribinali ya rufani ilipunguza sana adhabu hizo, na amande ya UMC ikashuka mpaka milioni 20 za Taiwan.

Huko Marekani, mwezi wa 10 mwaka 2020, UMC ilikubali kosa na kulipa amande ya dola milioni 60. Ilikuwa kati ya amande kubwa zaidi kuwahi kutolewa huko kwa kesi ya jinai ya wizi wa siri ya biashara. UMC ilikubali pia kusaidia parke katika kesi ya Jinhua. Mwaka uliofuata ikapatana na Micron, na kesi zao zikafungwa.

Ikabaki Jinhua. Yenyewe ilikataa kosa tangu mwanzo. Mwezi wa 12 mwaka 2023 Micron ikapatana nayo inje ya tribinali. Kesi ya jinai iliendelea huko San Francisco mbele ya mwamuzi Maxine Chesney, bila baraza la raia. Tarehe 27 mwezi wa pili mwaka 2024, mwamuzi aliachilia Jinhua. Alisema serikali ya Marekani haikuleta ushuhuda wa kutosha kwamba Jinhua yenyewe ilipata siri za Micron kwa njia mbaya.

Kumbe kampuni iliyokubali kosa ililipa milioni 60 na ikaendelea na biashara yake. Kampuni iliyoonekana haina kosa ilikuwa imekwisha kupoteza zaidi ya miaka mitano, kwa sababu ya orodha ambayo haikungoja tribinali. Wengine wanasema hiyo ndiyo kazi ya orodha: kuzuia hasara mbele haijafika. Wengine wanasema ni adhabu bila hukumu. Mambo yote mawili yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana kesi hii inafundishwa na wanasheria mpaka leo.

Akili ya mtu inaishia wapi, siri ya kampuni inaanzia wapi?

Hii ndiyo shida kubwa ya kesi zote za namna hii. Injenieri aliyefanya kazi miaka 15 amejua mambo mengi. Hawezi kuacha kichwa chake mlangoni siku anapoondoka. Sheria za inchi nyingi zinakubali kwamba ujuzi wa kazi ni mali ya mfanyakazi: kama seremala, akijua kupima mbao anajua, hata kama alijifunza kwa patro wake.

Lakini daftari ya patro, orodha ya wateja na bei, vipimo vya pekee vya karakana, hivyo si vyake. Akivibeba, ni wizi hata kama patro alimlipa vibaya. Kati ya pande hizo mbili kuna eneo la giza: je, mtu aliyeshika vipimo kwa moyo, bila kuandika hata neno moja? Hapo majaji hawasemi mamoja. Ndiyo maana parke inapenda kle USB. Kichwa cha mtu hakiwezi kufunguliwa mbele ya tribinali, lakini faili lina jina, tarehe na saa.

Kampuni zinajilinda kwa njia nyingi. Zinafanyisha wafanyakazi sinyatire ya kutunza siri. Zinagawa kazi ili mtu mmoja asijue hatua zote. Zinazuia telefone zenye kamera kuingia kiwandani. Zinaangalia nani anafungua faili gani, hasa katika wiki za mwisho za mtu aliyetangaza kuondoka.

Si mara ya kwanza, wala si China peke yake

Mbele ya kesi hii kulikuwa nyingine iliyotingisha Taiwan. TSMC, kampuni kubwa zaidi duniani ya kutengeneza chipu kwa ajili ya kampuni zingine, ilishitaki SMIC ya Shanghai mwaka 2003, ikisema imechukua watu wake na siri zake. Mwaka 2005 SMIC ilikubali kulipa dola milioni 175. Vita ikarudi, na mwaka 2009, nyuma ya kushindwa mbele ya baraza la raia huko California, SMIC ikakubali kulipa zingine milioni 200 na kumpa mshindani wake sehemu ya hisa zake. Mwaka 2025 TSMC ilijikuta tena katika habari, wakati parke ya Taiwan iliposhitaki watu juu ya siri za chipu zake mpya kabisa.

Lakini historia haina upande mmoja. Marekani yenyewe, inayolia leo, ilianza viwanda vyake vya nguo kwa siri za Uingereza. Mwaka 1789 kijana Samuel Slater alivuka bahari akiwa ameshika kichwani namna mashine za kusokota pamba zilivyotengenezwa, wakati sheria ya Uingereza ilikuwa inakataza mafundi wa namna hiyo kuhama. Huko Uingereza walimwona msaliti. Huko Marekani anaitwa baba wa viwanda. Kwa kawaida inchi inapokuwa inapanda, inaona siri kama ukuta wa kuruka. Ikifika juu, inaona siri kama mali ya kulinda.

Hii inawahusu nini watu wa mashariki mwa Kongo?

Inawahusu kwa njia iliyo karibu sana. Tantale inayotolewa katika koltan inatumiwa katika kondensateri ndogo za telefone, na pia ndani ya chipu nyingi kama tabaka la kuzuia shaba isivuje. Tungsteni, inayotoka katika wolframite, inatumiwa kuunganisha tabaka za chipu. Bati ya kasiterite ndiyo inayounganisha chipu na sahani yake. Rubaya huko Masisi, Bisie huko Walikale, Nyabibwe huko Kalehe, Kalima huko Maniema: majina hayo yako mwanzoni mwa njia inayofika katika viwanda kama vya Taiwan na Fujian.

Tangu mwaka 2010, sheria ya Marekani inadai kampuni zinazouza hisa zao huko zitangaze kama tantale, bati, tungsteni ao dhahabu wanayotumia inatoka Kongo ao kwa majirani wake. Kwa hiyo mfuko wa koltan unafungwa etiketi, unaandikwa katika daftari, unafuatwa kutoka kilima mpaka kiwanda cha kuyeyusha. Kwenye upande mwingine wa njia, namna ya kutengeneza chipu inafungwa kwa ufunguo. Jiwe linalazimishwa kujulikana na ujuzi unaruhusiwa kufichwa.

Na katika ule ujuzi uliofichwa ndimo pesa ilimo. Dola miliardi 8,75 za kesi ya Micron hazikuwa bei ya jiwe lolote. Zilikuwa bei ya vipimo, ya majaribio na ya makosa ya miaka mingi, vitu vinavyoingia katika kle USB inayoweza kufichwa ndani ya ngumi. Wale wanaosema Kongo itajirika siku madini yatakapolipwa bei ya kweli wana haki kudai bei hiyo. Lakini kesi hii inaonyesha kwamba hata bei ya kweli ya jiwe ni kidogo mbele ya bei ya kujua namna ya kulitumia.

Kwa vijana wanaofungua karakana za sabuni, za jus, za programu za telefone ao za fromaje, kuna mambo matatu ya kuchukua katika habari hii. La kwanza: kuandika vipimo vyao na kuvifungia, sababu siri isiyolindwa si siri mbele ya sheria. La pili: kumwambia mfanyakazi wazi, kwa karatasi, kitu gani ni cha nyumba na kitu gani anaweza kwenda nacho. La tatu ni kwa mfanyakazi mwenyewe: aondoke na ujuzi wake, kichwa juu, lakini daftari abakishe mezani. Huko Taiwan, watu waliokuwa na mshahara mzuri na heshima ya kazi walipoteza vyote viwili kwa sababu ya mafaili 900.